Mavazi ya Heshima Mahakamani: Heshima ya Nani?

Wahenga walinena kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Methali hii ndiyo hutumiwa na wengi wanaotetea kanuni za mavazi mahakamani, na kwa hakika ina mashiko. Mahakama ni mahali penye ada zake. Anayeingia humo husimama hakimu aingiapo, huinamisha kichwa atokapo, huzima simu, hukunjua miguu iliyopandana na huvua kofia. Hakuna ubaya katika ada hizo. Hata hivyo, methali yenyewe haisemi ni nani atakayemwarifu mgeni, kabla hajafunga safari, kwamba huko aendako watu wana chongo.

Suala la watu kufika mahakamani wakiwa na mavazi yasiyofaa limezungumzwa mara nyingi nchini Kenya, aghalabu kwa mzaha. Kijana fulani aonekana kizimbani akiwa na kaptula; mwanamke fulani aambiwa atoke akajisitiri; watu hucheka, kisha mjadala huishia hapo. Makala haya yanashikilia kwamba jambo lenyewe si la mzaha, na kwamba kosa la mavazi mahakamani, mara nyingi, huwa ni kosa la mawasiliano kabla halijawa kosa la adabu.

Msomaji na atazame Nakuru na viunga vyake. Mahakama za mji huo, uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, pamoja na zile za Naivasha, Molo na Eldama Ravine, hupokea watu wa kila namna. Yuko kibarua wa shamba la maua kutoka Naivasha, aliyeomba ruhusa ya saa mbili na ambaye bado amevaa ovaroli ya kazi. Yuko mwendeshaji bodaboda wa Kaptembwo mwenye jaketi zito la kukinga upepo. Yuko mkulima wa viazi wa Mau Narok. Yuko mama wa Bondeni aliyejitanda leso mbili. Molo iko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na anayetoka huko alfajiri kuwahi matatu ya kwanza hawezi kuondoka bila boshori iliyofunika masikio, kabuti na gambuti zilizojaa tope. Afikapo Nakuru, jua limekwisha kupanda, na mavazi yaliyokuwa ya busara saa kumi na moja asubuhi yamekuwa kichekesho saa tatu. Hana kabati la kubadilishia nguo. Hana hata mahali pa kuosha viatu. Akiingia ukumbini jinsi alivyo, askari wa mahakama atamnyooshea kidole kichwani, naye atadhani anaitwa.

Haifai kudai, kwa kumhurumia mtu kama huyo, kwamba kila vazi linafaa kila mahali. Yapo yasiyofaa, na ni heri yatajwe bila kuzungukazunguka. Fulana isiyo na mikono, kaptula ya kulalia, suruali iliyoteremshwa hadi nusu ya makalio, miwani meusi ndani ya ukumbi, nguo nyepesi inayoonyesha kila kilicho ndani yake. Hayo yote humnyima mvaaji usikivu wa wale anaotaka wamsikie. Shahidi anayetaka aaminiwe hana sababu ya kuwapa wasikilizaji kitu kingine cha kutazama isipokuwa uso wake.

Lipo vazi moja linalostahili kuzungumziwa kwa urefu zaidi, nalo ni tisheti. Katika Bonde la Ufa la kati, tisheti ya kampeni si nguo tu. Chaguzi za 1992, 1997 na 2007 ziliandamana na mauaji na kufurushwa kwa watu huko Molo, Njoro, Nakuru na Naivasha, na kesi nyingi za mashamba zinazosikizwa katika eneo hilo zina mizizi katika miaka hiyo. Mdai anayeingia na rangi za chama kifuani, mbele ya jirani ambaye nyumba yake ilichomwa na watu waliojitambulisha kwa rangi hizo hizo, amekwisha kusema neno kabla hajaapishwa. Yamkini hakukusudia kusema lolote. Kwa mtu mwenye nguo tatu, tisheti aliyopewa bure wakati wa kampeni mara nyingi ndiyo nguo yake mpya kuliko zote, na ndiyo sababu ameitunza kwa siku kubwa kama ya kwenda mahakamani. Alichokivaa kwa heshima kimesomwa kama uchokozi.

Aina ya pili ni tisheti ya mtumba yenye maandishi. Wanafunzi wa Kiswahili wamefundishwa kuchambua jina la kanga, wakaonyeshwa jinsi mwanamke wa pwani anavyomfikishia wifi au jirani ujumbe pasi na kufungua kinywa. Mvaaji wa kanga huijua kanga yake. Ameichagua dukani kwa sababu ya maneno yake. Mvaaji wa mtumba yuko katika hali iliyo kinyume kabisa. Maneno yaliyo kifuani mwake yaliandikwa ng'ambo, kwa ajili ya vijana wa huko, na huenda yakawa matusi, utani wa walevi au tangazo la kilabu asichokijua. Yeye aliichagua kwa sababu kitambaa chake kilikuwa kizima. Anaposimama kizimbani, hakimu anayesoma Kiingereza anasoma tusi. Mvaaji asiyesoma Kiingereza amevaa nguo safi iliyofuliwa jana. Wataalamu wa isimujamii wangepata hapa mfano mzuri wa matini isiyo na msemaji, lakini mshtakiwa huyo ndiye atakayeulizwa kama analidharau baraza.

Gharama ya kutoelewana huku haiishii kwenye aibu. Sheria ya Kenya inamwadhibu asiyefika mahakamani, na aliyezuiliwa mlangoni hana tofauti kubwa machoni pa faili na yule aliyebaki nyumbani. Katika kesi za madai, Agizo la 12 la Kanuni za Utaratibu za 2010 linairuhusu mahakama kuitupilia mbali kesi ambayo mdai wake hakufika siku ya kusikizwa ilhali mdaiwa yupo. Katika kesi za jinai, kifungu cha 202 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamwezesha mshtakiwa kuachiliwa iwapo mlalamikaji hakuonekana, ila mahakama ikiona sababu ya kuiahirisha kesi. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana naye, asipoitika jina lake likiitwa, huandikiwa hati ya kukamatwa. Mjane aliyesafiri kutoka Subukia kudai shamba la marehemu mumewe, akaambiwa aende atafute sketi ndefu, anaweza kurudi na kukuta jina lake limeitwa mara tatu na faili limefungwa. Zipo njia za kuiomba mahakama ilifungue tena, lakini njia hizo zinahitaji wakili, na wakili anahitaji fedha, na mjane huyo alikuja na nauli ya kwenda na kurudi.

Hapa ndipo inapobidi kulichunguza neno linalotumiwa kumzuia. Anayezuiliwa huambiwa kwamba hakuvaa 'mavazi ya heshima'. Neno heshima ni zito katika Kiswahili, na historia yake haina usawa. Katika miji ya pwani na visiwani, karne ya kumi na tisa, mavazi ndiyo yaliyomtenga mwungwana na mtumwa. Mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa mbele ya waungwana, wala kuvaa viatu. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyafanya waliokombolewa ni kujinunulia kanzu na kofia, kanga na baadaye buibui, ili kila awaonaye ajue kwamba wao pia ni watu. Heshima ya nguo, basi, ilikuwa mali ya tabaka moja kabla haijanyang'anywa na wengine. Bara nako, mkoloni alikuwa na mavazi yake ya lazima kwa Mwafrika. Kuanzia miaka ya 1920 vibarua wa mashamba ya walowezi katika Bonde la Ufa walitembea na kipande ndani ya kikasha cha bati kilichoning'inia shingoni. Hicho nacho kilikuwa kivazi, na sheria ndiyo iliyowavisha.

Linganisha historia hiyo na amri ya 'vua kofia'. Kwa Mwingereza, mwanamume huonyesha adabu kwa kuvua kofia aingiapo ndani. Kwa Mswahili, adabu ilikuwa kuivaa. Katika mtaa wa Bondeni, ambako Uislamu una mizizi ya muda mrefu, mzee wa miaka sabini anayeingia mahakamani akiwa na kofia yake ya viua hajaisahau kichwani. Ameivaa kwa sababu anakwenda mbele ya watu wazima. Mkorino naye, ambaye kilemba chake cheupe ni sehemu ya ibada, hawezi kukivua kama mtu anavyovua boshori. Mahakimu wenye busara hulitambua jambo hili na kuliacha lipite. Lakini mlangoni hakuna hakimu. Yuko askari aliyeamriwa kwamba kofia zivuliwe, na kutofautisha boshori ya baridi na kilemba cha dini kumeachwa kwenye hiari yake. Kuhusu nywele, Mahakama Kuu ilitamka Septemba 2019, katika kesi ya mwanafunzi aliyefukuzwa shuleni kwa ajili ya rasta zake, kwamba Urastafari ni dini inayostahili kulindwa kama dini nyingine. Ni vyema uamuzi huo ungewafikia pia wanaolinda milango ya mahakama.

Lililo gumu zaidi kuelezeka ni kwamba wenyeji wa mahakama, wanaomdai mgeni avae ipasavyo, wenyewe wamevaa nguo ya kuazima, na wahenga walikwisha kusema kuhusu nguo ya kuazima na kile isichoweza kukisitiri. Wigi la manyoya ya farasi liliingia katika mahakama za Uingereza karne ya kumi na saba kwa kufuata mtindo uliopendwa wakati huo na wakubwa wa Ulaya. Mtindo ukapita, mawakili na majaji wakabaki nao. Ukasafiri kwa meli hadi Mombasa, ukapanda garimoshi, ukakaa juu ya vichwa vya watu katika joto lisilokuwa lake. Waingereza wenyewe waliliondoa wigi katika kesi za madai na za kifamilia mwaka 2008. Kenya ilifuata mwaka 2011, pale Jaji Mkuu Willy Mutunga alipotangaza kwamba wigi na majoho mekundu hayatakuwa tena vazi la majaji, na kwamba wasiitwe tena kwa vyeo vya makabaila wa Kiingereza. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali. Wapo wanasheria waliodai kwamba bila wigi hadhi ya mahakama ingeporomoka, kana kwamba hadhi hiyo ilikuwa imeshikiliwa na manyoya.

Mutunga mwenyewe alikuwa mfano wa kuvutia. Alipohojiwa mwaka huo huo kwa ajili ya wadhifa wa Jaji Mkuu, swali lililozungumzwa zaidi na umma halikuhusu hukumu wala sheria, bali hereni aliyokuwa nayo sikioni. Akajibu kwamba hangeivua ili apate kazi, na akaihusisha na imani ya mababu zake. Aliipata kazi na akabaki na hereni yake. Inafaa kujiuliza ni nini kingempata mwendeshaji bodaboda wa Kaptembwo aliye na hereni kama hiyo, angesimama kizimbani na kutoa jibu lilo hilo.

Bunge nalo limewahi kujikwaa katika jiwe hili. Mnamo Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliyapiga marufuku mavazi ya Kiafrika na suti za Kaunda ndani ya Bunge la Taifa, wakati ambapo Rais William Ruto alikuwa akionekana hadharani na suti hizo karibu kila siku. Vazi lililomfaa kiongozi wa nchi halikumfaa mbunge. Kama wenye madaraka hawajaafikiana kuhusu lililo la heshima, mkulima wa Mau Narok atalijuaje?

Hata hivyo, zipo nyakati ambapo vazi lisilotarajiwa mahakamani huwa ni hoja iliyokusudiwa, na mahakama yenye hekima huisikiliza. Nelson Mandela aliposhtakiwa mjini Pretoria mwaka 1962, aliingia ukumbini akiwa amevaa vazi la ngozi la kwao Wathembu badala ya suti yake ya uwakili. Alitaka ieleweke kwamba yeye ni Mwafrika anayeingia katika mahakama ya Mzungu. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hakujua avae nini; alikuwa wakili, na suti alikuwa nazo.

Mfano huo unarejesha mjadala Njoro, hatua chache kutoka bewa kuu la Chuo Kikuu cha Egerton, kwenye msitu wa Mau. Waogiek, ambao vazi lao la asili ni ngozi za pimbi zilizoshonwa pamoja, walipeleka malalamiko yao hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikuwa imekiuka haki zao kadha, ikiwemo haki ya utamaduni, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inautambua utamaduni katika ibara ya 11 kuwa msingi wa taifa, na ibara ya 44 inampa kila mtu haki ya kushiriki katika utamaduni autakao. Je, mzee wa Nessuit anayeingia mahakamani Nakuru amejifunika ngozi ya pimbi amevaa isivyofaa? Na mzee wa Kimaasai mwenye shuka nyekundu na akala miguuni? Fimbo yake au rungu lake laweza kuachwa mlangoni. Hilo linaeleweka, kwa kuwa ni silaha. Shuka si silaha. Endapo askari wa mlangoni atasita kumruhusu, jamii iliyoshinda kesi ya utamaduni katika mahakama ya bara zima itakuwa imeshindwa na mlango wa mahakama ya nyumbani.

Zamani kulikuwa na watu ambao wangeweza kumsaidia jaji kuisoma shuka hiyo. Wazee wa baraza walikaa na jaji wa Mahakama Kuu katika kesi za mauaji na kutoa maoni yao. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro nyingi, na ulifutwa mwaka 2007. Pamoja na kasoro hizo, wazee wale walijua tofauti ya mtu aliyevaa ovyo na mtu aliyevaa kikwao. Sasa kazi hiyo yote iko machoni pa jaji mmoja, ambaye huenda alizaliwa na kulelewa mbali sana na Mau.

Mwanamke ana mzigo wake wa ziada. Neno 'mavazi yasiyo ya heshima' linapotamkwa Kenya, kwa kawaida linamlenga yeye. Mwezi Novemba 2014 wanawake waliandamana jijini Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliodai kwamba amevaa vibaya. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, katika kifungu cha 34, iliweka mipaka kwa mawakili waliozoea kumhoji mlalamikaji kuhusu maisha yake ya mapenzi ya awali, ili asihukumiwe yeye badala ya aliyemtendea uovu. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Lakini msichana huyo huyo anayelindwa na kifungu cha 34 akiwa kizimbani hana kifungu kinachomlinda akiwa mlangoni, ambako mtu asiyejua kesi yake inahusu nini anaweza kumtazama kutoka juu hadi chini na kumwambia, mbele ya foleni nzima, kwamba amevaa vibaya. Mshtakiwa naye yumo katika foleni iyo hiyo, anasikia.

Wengine hawakuchagua walichokivaa hata kidogo. Aliyekamatwa usiku wa manane ametolewa kitandani, na ibara ya 49 ya Katiba inataka afikishwe mahakamani kabla ya saa ishirini na nne kupita. Huletwa kama alivyokutwa: kaptula, fulana, pengine bila viatu. Wanaomwona kizimbani, na hasa wanaoiona picha yake siku ya pili, hudhani kwamba ndivyo alivyoamua kujitokeza mbele ya sheria. Mahabusu aliyekaa rumande majuma matatu naye ana nguo zile zile alizoingia nazo, isipokuwa jamaa zake wamemletea nyingine. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2015 na kupewa jina la Mandela, zinasema kwamba asiyehukumiwa aruhusiwe kuvaa nguo zake mwenyewe zikiwa safi na zinazofaa, na akipewa sare, isifanane na ya waliohukumiwa. Mahakama ya Upeo ya Marekani iliamua mwaka 1976 kwamba kumlazimisha mshtakiwa kusimama mbele ya baraza la waamuzi akiwa na sare ya jela ni kumnyima kesi ya haki, kwa kuwa macho yaliyokwisha kuona sare hiyo hayasahau. Dhana kwamba mtu hana hatia hadi ithibitishwe, iliyomo katika ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya, haiwezi kukaa vizuri pamoja na mtu aliyefikishwa mahakamani nusu uchi na serikali yenyewe, kisha akakemewa kwa sababu ya uchi huo.

Basi lipi lifanyike? Wapo wanaopendekeza kanuni kali zaidi. Wapo wengine wanaotaka kanuni zote zifutwe. Pande zote mbili zinaliruka suala la lugha, ambalo wasomaji wa jarida hili wana jukumu la kuliona kwanza. Sheria ya Kenya inasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Haya yote yanahusu maneno yanayosemwa ndani ya ukumbi. Kuhusu lugha ya mavazi, ambayo huanza kusemwa kabla ya mlango, hakuna ukalimani wowote. Hati ya kuitwa mahakamani, ambayo wananchi huiita samansi, humwambia mtu tarehe, saa na namba ya kesi. Haimwambii aje vipi. Jirani zetu wa Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama zao, na kwa kufanya hivyo wamewaonyesha wengine kwamba jambo hilo linawezekana bila mbingu kuanguka.

Mtu aweza kupinga kwamba kila mtu mzima anajua avae nini mahakamani, kama anavyojua avae nini kanisani au msikitini. Si kweli. Kanisani na msikitini amekwenda tangu utotoni akishikwa mkono na mamaye. Mahakamani watu wengi huenda mara moja maishani, na mara hiyo moja huenda wakiwa na hofu. Si haki kumtahini mtu somo ambalo hakufundishwa, sembuse kumtahini siku ambayo shamba lake au uhuru wake uko mashakani.

Maneno yanayohitajika ni machache, na yanaweza kuchapwa nyuma ya samansi bila kuongeza karatasi: 'Njoo na nguo safi inayofunika kuanzia mabegani hadi magotini. Usivae nguo yenye alama ya chama cha siasa wala yenye maandishi usiyoyaelewa. Vazi la dini au la kimila linakubaliwa. Kofia ya baridi ivuliwe ndani ya ukumbi. Fimbo na rungu viachwe mlangoni, navyo vitarudishwa. Ukiwa huna nguo nyingine, njoo na ulivyo. Hutanyimwa nafasi ya kusikizwa.' Mlangoni pawekwe leso na shuka kadha za kuazimwa, zifuliwe kila Ijumaa, na askari apewe amri kwamba asiye na vazi lifaalo asitirishwe, jina lake liandikwe, na karani aarifiwe kwamba mtu huyo amefika. Akishaandikwa kuwa amefika, faili halitafungwa, na hati ya kumkamata haitaandikwa.

Sentensi ya tangazo hilo inayoanza na 'ukiwa huna' ndiyo ambayo pengine itapingwa zaidi na wakuu wa idara, na ndiyo isiyofaa kuondolewa. Kuhusu Kikuyu, Kikalenjin, Kimaasai na Kiogiek, lugha ambazo mama wa Subukia na mzee wa Nessuit huziota usiku kabla ya kesi, wako wanafunzi wa tafsiri na isimu kule Njoro ambao wangeimaliza kazi hiyo alasiri moja, na mwendo wa matatu kutoka huko hadi dawati la karani wa mahakama mjini Nakuru hauchukui saa nzima.